Kiboko Aliyeahidi Kufunga

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa uwanja wa mpira.

— Uwe na magoli!

Magoli yalikuwepo, mabao ndiyo yaliyoadimika. Na wewe huko nyuma, itikia na wenzako au ukalale.

Basi, palikuwa na Kiboko, tajiri kupindukia. Utajiri aliuanzia kwenye dimbwi la matope. Nguruwe akitaka kugaagaa, alipe. Nyati akitaka kugaagaa, alipe. Hata Chura aliyezaliwa humo humo, alipe. Akanunua dimbwi la pili, akanunua na kivuli cha ng'ambo, watu wakamwita mwekezaji. Mwishowe akainunua timu ya Kwato Moja, akawa mkurugenzi.

Mnadhani alipenda mpira? Mpira gani! Alipenda nyasi za uwanjani. Asubuhi anaingia, nyaku-nyaku-nyaku. Jioni anarudi, nyaku-nyaku-nyaku. Akiulizwa anasema, "Naboresha miundombinu."

Golikipa wa timu alikuwa Kindi, mdogo kiasi kwamba mpira ukimpiga wanaingia wavuni wote wawili. Kindi akatazama uwanja, akaona kimebaki kipande cha kijani sawa na mkeka. Akaumia kweli, maana shirikisho lilishasema timu isiyo na nyasi inafutwa kwenye ligi. Na Kindi hakuwa na kazi nyingine, wala hakuitaka.

Ukafika mkutano mkuu wa wanachama. Kindi akanyoosha mkia.

"Mheshimiwa, wanachama wanalia. Timu haifungi."

"Kufunga tu?" Kiboko akacheka. "Mimi mwenyewe nitafunga."

"Mchana?"

"Mchana nitafunga."

"Na usiku?"

"Usiku nitafunga. Hata nikisinzia nitafunga."

"Mpaka lini, mheshimiwa?"

"Maadamu mimi ni mkurugenzi, nitafunga."

Makofi, pa-pa-pa-pa! Katibu wao, Mzee Kobe, akasema kauli imepita.

Kesho yake Kiboko akainamisha mdomo kwenye nyasi. Kindi huyo, juu ya pua yake, na wanachama wamejaa uwanjani.

"Swaumu inaendaje, mheshimiwa?"

"Swaumu ipi?"

"Si umefunga? Uliahidi mbele ya watu. Aliyefunga hali."

"Nilimaanisha mabao, wewe!"

"Mabao hukuyataja."

"Hakuyataja," wanachama wakasema.

"Lakini sisi si wakatili," Kindi akasema. "Funga bao moja, ufuturu."

Kiboko akaupiga mpira, ukanasa chini ya kitambi. Akaupiga tena, akaukalia, puu! Mara ya tatu njaa ikamzidi, akaumeza.

Mzee Kobe akatikisa kichwa. "Amekula. Swaumu imebatilika, aanze upya."

Tumbo likanguruma, ngurruu, ngurruu. Kiboko akalia machozi mazito. "Najiuzulu!" Akatimua mbio kuelekea mtoni, mdomo wazi tangu njiani. Mvua ikanyesha, nyasi zikarudi, timu ikabaki kwenye ligi.

Wanachama wakamchagua Kindi. Akapanda juu ya goli akahutubia: "Ndugu zangu, chini ya uongozi wangu, hakuna kufunga!" Wakamshangilia mpaka sauti zikakauka. Na kweli, hawajafunga hata bao moja mpaka leo.

Funzo lake, wanangu: ukipewa uongozi, kula kwanza, hotuba baadaye.

Hadithi imeishia hapo. Utamu wake chukueni, uongo wake niachieni mwenyewe.