Mmoja Tu wa Kwenda Mbeya

Habari hii nilipewa na wifi yangu Tusekile, siku aliyokuja na mama mkwe kunisalimia, tukichambua maharage jikoni kwangu. Nami nawapa ninyi, kwa kuwa mimi imenishinda.

Jirani yangu, Mzee Mwakalinga, ana jogoo, mbwa na paka. Jogoo anajua saa. Mbwa anajua njia. Paka anajua kusikiliza.

Mkewe alipofariki, matanga yakaisha, watu wakarudi makwao, naye akajilaza. Kila jirani alidhani mwingine anampelekea chakula. Hata mimi nilidhani hivyo. Miguu ikamvimba, presha ikapanda mpaka nesi wa zahanati akatikisa kichwa.

Jogoo hulala jikoni, kwa sababu ya baridi yetu ya Tukuyu. Alfajiri aliwika akitaka kufunguliwa mlango. Mzee alivumilia siku mbili. Ya tatu akainuka ili amtukane, na kwa kuwa alikwisha kuinuka, akawasha moto. Tangu hapo huamka kila siku.

Alipopika ugali, mkono ulipima unga wa watu wawili, kama ulivyozoea miaka arobaini. Fungu la mkewe likabaki. Mbwa asiye na mwenyewe akanusa mlangoni, akapewa, akahamia. Lakini mbwa hakai. Alilivuta koti la mzee kwa meno mpaka wakatoka, wakapita kwenye migomba, wakafika barabarani kwa watu. Miguu ikaanza kunywea.

Paka alikuwa wa marehemu, na mzee hakuwahi kumpenda. Siku moja paka akapanda kwenye kigoda cha marehemu, akamtazama. Mzee, ambaye hakuwa ametamka neno ndani ya nyumba ile wiki nzima, akamwuliza, "Na wewe unamngoja?" Sasa huzungumza naye kila jioni. Nesi alipompima tena, presha ilikuwa imeshuka.

Ndipo binti yake, Atuganile, akaja kumchukua wakaishi wote Mbeya mjini, kwenye chumba cha kupanga.

"Baba, mwenye nyumba amekubali mnyama mmoja tu."

"Hiyo ni nyumba au gereza?"

"Ni nyumba, baba. Gari ni kesho saa mbili asubuhi."

Mzee akakaa chini. "Basi niambie, mwanangu, ni nani aliyeniponya? Maana nikimwacha huyo, nitajilaza tena."

Atuganile akatoka nje, akakutana na Tusekile akija kwangu, akamweleza yote. Jikoni kwangu majibu yalikuwa mengi.

"Ni jogoo," alisema Tusekile. "Asingemwinua, mbwa angemvuta nani?"

"Unamtetea jogoo kwa kuwa mnalingana kelele," mama mkwe akamwambia. "Ni mbwa. Mtu huponywa na watu, na mbwa ndiye aliyemfikisha kwa watu."

"Na paka, mama?"

Mama mkwe akatupa harage bovu. "Paka alimpa mtu wa kusema naye. Hilo nalo si dogo."

Tusekile akanigeukia. "Wifi, mbona kimya?"

Mume wangu yuko kwenye mashamba ya miwa, huu ni mwezi wa saba tangu aondoke. Mwanangu hajaanza kusema. Ziko siku ambazo naisikia sauti yangu mara ya kwanza ninapoitikia hodi. Nikasema sijui.

Kesho yake asubuhi, kabla ya saa mbili, nilimfunga mwanangu mgongoni nikaenda kwa mzee. Nilichukua tenga la kuku na kamba, maana wawili watabaki, niwachukue kwangu, na sikujua ni wepi. Nikabisha hodi. Ndani nikasikia vyombo vikifungwa, na mzee akisema na mmoja wao kwa sauti ya chini.

Mlango haujafunguliwa bado. Ninyi mnaonisikiliza, mngempakia yupi kwenye gari?