Kisima cha Bi Rubama na Kadhi wa Kuonyesha Wageni

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na mji wa wachimba chumvi ambako hakuna aliyepata haki mahakamani bila kutoa kitu. Wenyewe hawakuiita rushwa, hasha! Waliiita kilemba, kana kwamba ni heshima anayopewa mwalimu aliyekusomesha.

Habari zikamfikia Sultani wa nchi jirani, mnunuzi wa chumvi yao. Akaapa kwamba misafara yake haitakanyaga pale mpaka kilemba kikomeshwe. Liwali wa mji ule, ambaye hakumwogopa Mungu hata siku moja, akaogopa chumvi kumdodea. Akamtawaza ukadhi mchamungu mmoja, Sheikh Mutahhar bin Wathiq, kisha akangoja wajumbe wa Sultani waje kukagua.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya Bi Rubama, mjane aliyenyang'anywa kisima na shemeji wa Liwali. Sheikh akahukumu kisima kirudi kwa mwenyewe. Liwali akaizuia hukumu, akamwambia faraghani, "Wajumbe wakikuuliza, waambie kilemba kimekwisha. Ukisema hivyo, kesho mjane anateka maji yake. Ukikataa, kisima hakioni tena."

Sheikh alilia kwa ajili ya yule mama. Lakini wajumbe walipomuuliza, akasema, "Wallahi, kilemba hakijavuliwa. Kimefichwa ndani ya joho mpaka mtakapoondoka." Akawaeleza habari ya kisima.

Mkubwa wao akainamisha macho. "Sheikh wetu, kwetu chumvi imekwisha, watu wanakula mchuzi chapwa. Tumetumwa tuone kadhi mwema, nasi tumemwona."

Wakaandika kwamba mji umetakasika, wakamvika Liwali kilemba cha ukoka, wakapakia ngamia wao. Kabla ya alasiri Sheikh alikwisha uzuliwa.

Akaenda kwa Bi Rubama kumtaka radhi. "Nisamehe, mama. Neno moja tu lingekurudishia kisima."

"Neno la uongo, Sheikh? Na udhu ningetilia maji gani?" Akajitwika mtungi, akashika njia ya bondeni, mwendo wa nusu siku, na mgongo wake umeshapinda.

Ndugu zangu, kila nifikapo hapa hushikwa na hasira, astaghfirullah. Liwali alificha haramu kwa kuwa wageni wanatazama, na wageni walitazama mpaka waliposhikwa na haja ya chumvi. Basi tumwogope Yule asiyehitaji chumvi ya mtu.