Machozi ya Kuazima

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, nyinyi mlioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na Bwana Shekue, mjuaji kuliko wajuaji wote. Kazi yake kukaa kichakani, kutazama wanyama, kisha kuwaeleza watu yaliyomo mioyoni mwao. Paa ana michirizi myeusi chini ya macho. "Maskini, analia!" Bwana Shekue naye akalia, kwi kwi kwi. Na Fisi je? "Huyo anacheka tu. Hana huruma."

Mama Fisi alisikia, akaendelea kutafuna mfupa wake. Mtu kama huyo utamwambia nini?

Siku moja mwanawe akanaswa mguu mtegoni. Akivuta, waya unakaza. Mama Fisi aling'ata, wapi! Meno yanayovunja mifupa yakashindwa na waya. Akamkimbilia Bwana Shekue. Uchungu ukampanda, akalia kwa sauti aliyozaliwa nayo: "Hi-hi-hi-hiii!"

"Mwoneni! Mtoto wake yumo mtegoni, yeye anacheka!"

Pu! Jiwe la mbavu.

Mama Fisi mbio hadi kwa Paa. "Shoga, niazime machozi yako. Mwanangu anakufa."

"Machozi gani, shoga? Haya mafuta. Napaka vijitini, majirani wajue mpaka wangu."

"Na yule bwana anayelia nawe?"

"Aka, mwache alie. Ananiletea chumvi."

Mama Fisi akajipaka yale mafuta chini ya macho. Akarudi kwa Bwana Shekue, kimya, kinywa amekifumba. Bwana Shekue akashika kifua.

"Jamani! Nimemfundisha Fisi kulia!"

Akamfuata mbio hadi mtegoni. Akafungua waya, mtoto akachomoka. Bwana Shekue akarudi nyuma apate kumtazama vizuri mwanafunzi wake. Huko nyuma kulikuwa na kitanzi cha pili. Fyatu!

"Yoo! Yoo! Mguu wangu! Uwiii!"

Mtoto wa Fisi akageuka. "Mama, huyu bwana anaimba?"

Mama Fisi akamtazama. Mdomo wazi, meno yote nje.

"Anaimba, mwanangu. Na ametoa meno, kumbe amefurahi. Twende, tusimkatize."

Wakaenda zao.

Basi nyinyi wajuaji mlioketi hapa, wakubwa kwa wadogo: msijifanye mnajua moyo wa kiumbe kwa kumwona uso tu, mkamgawia huruma au jiwe kabla hamjajua kilichomsibu. Hadithi yangu imeishia hapo. Mguu wa Bwana Shekue ungali mtegoni.