Mwongeza Kuni wa Kitonga

"Gari haitoki."

"Inatoka! Mwenyewe kakaa kwenye benchi tangu saa nne, anataka gari yake."

"Akae tu. Mwongeza kuni aongeze na maji."

"Ndiyo nini sasa? Kila siku kuni, kuni. Hapa gereji au jikoni?"

"Weka ufunguo mezani, Fidelis."

"Siweki! Nimeipima mwenyewe. Nimeenda nayo mpaka Ipogolo na kurudi, mshale wa joto umelala kama ng'ombe aliyeshiba. Sasa utaniambia nini?"

Hapo nikacheka. Fidelis akazidi kukasirika, akidhani namcheka yeye. Nilikuwa najicheka mwenyewe. Maneno hayo nilijiambia mimi miaka minne iliyopita, kwenye gereji hii hii ya Fundi Kikoti hapa Iringa, nimesimama pale pale aliposimama yeye. Hata Ipogolo nilikwenda.

Wenzake wawili waliokuwa chini ya gari nyingine wakatoa vichwa. Mmoja akauliza, "Kwani huo msemo wa kuni na maji umetoka wapi, kaka? Shuleni hatukufundishwa."

Nikawaambia wakae. Shule mimi niliiacha darasa la sita, kwa hiyo sina cha kuwasomea. Ninacho nilichokiona. Fidelis akabaki amesimama, ufunguo mkononi. Sawa, masikio hayahitaji kiti.

Msemo huu una mahali ulipozaliwa. Ni Mlima Kitonga, barabara ya kwenda Dar, kona ya nne, saa nane mchana, na aliyeusababisha ni mimi.

Ilikuwa mwezi wa kumi, jua kali. Bwana Luvanda, yule wa mbao, alileta gari nyeusi, ya juu, tairi pana, injini yake ina supachaja. Kwa msiojua, supachaja inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi na mafuta yanakuwa mengi, moto unakuwa mkubwa, na gari inakimbia kama imetukanwa.

"Nataka iongezwe nguvu," Bwana Luvanda akasema. "Siyo kwa ajili yangu. Ni kwa ajili ya baba."

Baba yake, Mzee Luvanda, alikuwa amekaa ndani ya gari. Aliendesha lori Kitonga miaka thelathini na moja. Sasa macho yalikuwa yanamwisha. Daktari alimwambia miezi miwili, mitatu, basi. Dawa hakuna. Mzee akashuka, akanishika bega, akanitazama kwa ubavu kama kuku, maana katikati alikuwa haoni tena.

"Kijana," akasema, "mlima ule nimeupanda kwa kuuomba. Gia ya kwanza, pole pole, miaka yote. Nataka siku moja niuone unapandwa bila kuombwa. Kabla taa hazijazimika."

Sasa niambieni, ni fundi gani atasikia maneno hayo asisimke?

Fundi Kikoti akakubali kazi, ila akaagiza vifaa Dar: rejeta pana zaidi, feni ya pili, na pampu kubwa ya yale maji yanayopoza hewa ya supachaja. Mzigo ungefika na basi siku ya Alhamisi. Halafu akapata msiba Makambako. Akiwa anaondoka Jumatatu alinionyesha kidole. "Fanya kazi yako ya injini. Lakini gari isitoke mpaka vifaa vifike na nimevifunga."

Jumanne jioni nilikuwa nimemaliza. Nilibadilisha puli ya supachaja, lile gurudumu la mkanda, nikaweka ndogo ili izunguke kwa kasi zaidi, nikaingia kwenye kompyuta ya gari na laptopu nikapanga programu upya. Nilipoiwasha na kukanyaga mafuta, bati za gereji zilitetemeka. Wallahi nilitoa mguu haraka. Nimeshika injini tangu nina miaka kumi na tatu, lakini ile sauti ilinifanya nisimame kama mtu aliyeingia kanisani na kofia kichwani.

Tatizo langu mnalijua. Mimi kusubiri siwezi. Na Mzee Luvanda alikuwa anakuja kila siku, anaipapasa gari kuanzia taa mpaka mlango wa nyuma, anauliza, "Bado?" Nikaona aibu kumwambia bado.

Nikafanya kile ambacho kila fundi wa mtaani anafanya. Mwambie gari inachemsha, hata boneti hajafungua vizuri, kashachomoa thamostati. Tunasema ile ni kizibo tu, inazuia maji, iliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi. Ukiitoa, maji yanapita huru. Tumerithishana maneno hayo kama shamba la ukoo. Nikaichomoa, nikaitia mfukoni. Nikaenda Ipogolo nikarudi. Mshale haukupanda kabisa! Nikajiambia, vifaa vya Dar ni vya nini?

Jumatano saa sita mchana nikamchukua Mzee. Mwanawe alikuwa Mafinga kwenye mbao zake, na Fundi alikuwa bado msibani. Tukateremka Kitonga taratibu mpaka Mahenge, kijiji kilicho chini ya mlima. Kule chini siyo Iringa. Ni joto la kutoa jasho masikioni. Nikageuza gari, pua ikatazama mlima.

"Uko tayari, Mzee?"

"Mimi nimekuwa tayari kabla hujazaliwa."

Nikakanyaga.

Sijui niwaambieje. Mlima ule malori yanaupanda kama yamebeba dhambi za watu. Sisi tuliupanda kama tunavutwa na kamba kutoka juu. Mgongo ulibanwa kwenye kiti. Supachaja ikapiga ule mluzi wake, malori yakawa yanarudi nyuma moja moja, madereva wametoa vichwa dirishani. Mzee alishika dashibodi kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni ili aone kwa lile jicho la ubavu, na machozi yanamtoka.

"Kona ya kwanza!" akapiga kelele. "Hapa niliwahi kulala siku mbili! Ya pili! Ya pili hii, na hujashusha gia! Ee Mungu wangu, hujashusha gia!"

Kona ya tatu akanyamaza. Akainamisha kichwa, kama anasikiliza mtu anayemnong'oneza.

"Punguza," akasema.

"Mzee, bado tamu yenyewe."

"Punguza, nimesema. Sauti imekauka. Hii injini ina kiu."

Nikatazama geji. Mshale ulikuwa umepita katikati kidogo. Kidogo tu. Nikafikiri, mzee wa malori, atajua nini kuhusu gari ya kompyuta? Nikaendelea. Mshale ukaruka kama umechomwa sindano. Taa nyekundu. Nguvu ikakatika, kompyuta imejihami yenyewe. Kona ya nne tukaserereka pembeni, mvuke mweupe umetufunika mpaka barabara siioni.

Niliruka nje, nikafungua boneti, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye mfuniko wa maji.

"Usiguse!" Mzee alinifuata kwa kupapasa ubavu wa gari, akanikamata mkono. Yeye asiyeona vizuri ndiye aliyeniokoa uso huu mnaouona.

Pale konani alikuwepo bibi mmoja. Ana mafiga matatu, sufuria kubwa ya mahindi, na madumu ya maji anayowauzia wenye malori yaliyochemsha. Alimtazama Mzee, akamsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, Luvanda. Lile lori la bluu umeliacha wapi?"

Mzee akageuka kuifuata sauti. "Tulalumba? Bado uko hai?"

"Nife nimwachie nani kona yangu?" Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nataka kulia. Bibi akanigeukia. "Na wewe mjukuu, gari yako imepungukiwa nini?"

"Haijapungukiwa kitu, shikamoo bibi. Nimeiongeza. Nimeiongeza nguvu."

"Marahaba. Ahaa."

Akachuchumaa, akasukuma kuni mbili ndani ya mafiga. Moto ukaruka, sufuria ikaanza kufoka. Hata hakuitazama. Mkono wake ulichota kopo la maji kwenye ndoo, ukamimina, sufuria ikatulia. Halafu akaniuliza, "Umeiongeza nguvu. Nguvu ya moto?"

"Ndiyo, bibi."

"Na maji umeongeza?"

"Nimechomoa thamostati."

"Hicho ni kitu gani?"

Nikaitoa mfukoni nikamwonyesha. "Ni kama kizibo. Kinazuia maji."

Akaishika, akaigeuza geuza. "Kwa hiyo umeongeza moto, halafu ukapunguza kitu."

Nikaichukua, nikairudisha mfukoni.

"Mambo ya ndani ya gari siyajui," Bibi Tulalumba akasema. "Najua sufuria. Nimekaa kona hii, nimeona magari ya kila rangi yakija kuniomba maji, na hakuna lililokuja kwa sababu moto ulikuwa mdogo. Mwongeza kuni aongeze na maji. Hilo tu. Asiyeongeza atakula mahindi yaliyoungua."

Mzee hakucheka tena. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, anapangusa vumbi magotini. "Lori langu lilikuwa bovu," akasema taratibu, "lakini lilinifikisha juu kila siku. Wewe umenifikisha kona ya nne."

Hakunitukana. Bora angenitukana.

Tulivutwa na lori mpaka Iringa. Kesho yake, Alhamisi, vifaa vikafika na basi, kama Fundi alivyosema. Siku moja tu! Nilivipokea mwenyewe, nikavibeba begani, nikapita navyo mbele ya gari iliyokufa.

Fundi Kikoti aliporudi alifungua injini. Gasketi imeungua, hedi, yaani kichwa cha injini, imepinda. Nikamweleza yote. Akanionyesha njia ya maji kwenye injini ile: thamostati ikitoka, njia ya mkato inabaki wazi, na maji mengine yanarudi kwenye moto bila kupita kwenye rejeta. Mjini kwenye baridi hutajua. Mlimani utajua. Halafu akachukua ile thamostati, akaifunga waya, akaitundika kwenye msumari. Ile pale.

Hedi nyingine ilichukua zaidi ya miezi miwili kupatikana. Tulipoipata nilifunga kila kitu nilichodharau. Rejeta pana, feni mbili, ile pampu kubwa, thamostati mpya. Nikaosha tope lote kwenye njia za maji, nikaweka maji yenye dawa ya kupoza badala ya maji matupu ya bomba, nikatoa hewa mpaka povu la mwisho. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda kumchukua Mzee nyumbani kwake.

Alitoka ameshikwa mkono na mwanawe. Macho yote mawili yalikuwa yamezimika.

"Umeongeza maji?" ndiyo salamu aliyonipa.

"Nimeongeza, Mzee."

"Twende."

Pale Mahenge, kabla sijakanyaga, akaniambia, "Nisemee unachokiona." Mimi siyo mtu wa maneno mazuri. Nikasema nilivyoweza. Nikamwambia lori jekundu tumelipita, lina magunia ya vitunguu. Nyani wamekaa juu ya ukingo wa barabara kama wazee wa baraza. Miti imechipua majani mapya, mengine mekundu. Kule chini barabara tuliyotoka imekuwa uzi. Kona ya nne nikamwambia Bibi Tulalumba amesimama, amenyanyua kopo lake juu. Mzee akapunga mkono upande ambao Bibi hayupo. Mshale ulikuwa katikati, hausogei, na ile injini inanguruma chini yetu kama simba anayejua amefungiwa vizuri. Nywele zilinisimama. Nguvu ilikuwa ile ile ya siku ya kwanza, lakini siku ile ya kwanza ilikuwa kelele tu. Sasa ilikuwa nguvu.

Juu kabisa tukasimama. Mzee akashuka, akapapasa mpaka mbele, akaweka kiganja kwenye boneti. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Haina homa," akasema. Akavua kofia, akaugeukia mlima ambao hauoni. "Haukuombwa. Leo haukuombwa."

Kisha, bila hasira yoyote, akaniuliza, "Kijana, siku ile vifaa vilikuwa vimebakiza siku ngapi kufika?"

"Moja, Mzee."

Akatikisa kichwa, akavaa kofia yake.

Hadithi yangu ikaishia hapo. Wale wawili wanatazama msumari ukutani. Ile pikapu tuliyoiongezea nguvu wiki hii, ile ambayo Fidelis alitaka itoke, ilikuwa bado ina rejeta yake ile ile ya zamani, nyembamba, na Fidelis alikuwa na donge mfukoni mwa ovaroli yake. Sikumuuliza. Alilitoa mwenyewe akaliweka mezani. Thamostati. Akaweka na ufunguo pembeni yake.

"Mwongeza kuni," akasema, pole pole, safari hii bila kejeli, "aongeze na maji."

Akafuta mikono kwenye suruali, akageuka, akatembea kuelekea kwenye benchi alikokaa mwenye gari, kumwambia kwamba leo haitoki.