Kwikwi za Kibwana

Sogeeni msikilize, na anayetaka kucheka acheke kwa adabu, maana Kibwana wa watu mpaka leo hajacheka.

Alizaliwa katika nyumba ya matapeli. Mama yake, Bi Mosi, machozi yalimtoka kila alipoyahitaji. Shangazi Kidawa akivaa baibui la kuazima, ungeapa ana majumba. Dada yake, Tunu, alimgeuza mtu baki kuwa ndugu kabla chai haijapoa. Kibwana peke yake hakujaliwa kitu. Akidanganya tu, anashikwa na kwikwi.

Akampenda Radhia, binti wa Mzee Mwinchande, mwalimu wa madrasa asiyependa utani. Siku ya posa akawasihi jamaa zake, "Leo tu, jamani, semeni kweli." Wakaapa. Naye akawaamini, mjinga yule!

Mzee aliwapokea mlangoni, uso mkavu. "Nyinyi watu wa wapi?"

"Wa mashamba ya minazi, kaka," akajibu Shangazi kwa upole, "ila hatupendi kujitaja." Mzee akawakaribisha ndani.

Mke wa Mzee akanuna kwamba hajapata kuwaona wageni hawa. Tunu akamwuliza jina la bibi yake, kisha akaruka: "Kumbe somo wa nyanya yetu, jina moja!" Wakakumbatiana.

Mzee akasema watafikiria, warudi mwakani. Bi Mosi akashika kifua. "Mwakani mtanikuta kaburini, baba. Nilitaka tu nimwone mwanangu ameoa." Mzee akafuta macho, akakubali.

Njiani Kibwana alifoka, "Siku moja tu niliwaomba! Moja!"

"Mke umepata, hujapata?" akauliza Shangazi. Kweli alikuwa amepata, na hilo ndilo lililomkera Kibwana zaidi.

Wakaoana, na Radhia akajifungua mtoto wa kike. Siku ya akika, pilau li motoni, Mzee akatangaza, "Mjukuu wangu atapewa jina la yule aliyenifanya nikubali."

"Bila mimi msingevuka kizingiti," akasema Shangazi.

"Bila mimi mama mkwe angetutoa mbio," akasema Tunu.

Bi Mosi, yule mgonjwa wa kufa, sasa amenenepa, akaanza kulia. Wakazozana mpaka mtoto akaamka.

Mzee akachoka. "Kibwana, wewe hujui kudanganya. Ni nani, na alifanya nini?"

Radhia alimtazama mumewe, mtoto mikononi. Kibwana alitamani kupiga mayowe. Uongo mmoja tu ungekosekana, asingekuwa na mke wala mwana. Akisema kweli, huenda akawapoteza leo. Adanganye? Kwikwi ilishaanza kumpanda kooni.

Haya, pilau linaiva na mtoto hana jina. Mosi, Kidawa au Tunu? Ungekuwa wewe Kibwana, ungemjibu nini mkweo?