Kitaa cha Mihayo

Taa ya kambi ni ya aliye nje. Mmeisikia leo Kalunde alipokatazwa kuzima taa wakati wenzake hawajarudi mtoni, nanyi mkataka kujua imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na haikuanza kwa furaha.

Alikuwepo fundi bati aitwaye Mihayo, hodari wa kazi lakini mgumu wa kushaurika. Kila kiangazi aliingia mwituni pamoja na kaka yake Lugembe na warina asali wengine wawili, Nkwabi na Maganga. Walipiga kambi huko kwa majuma matatu. Kilichowasumbua ni taa. Nyuki waliifuata asali hadi kambini, na giza likiingia waliuvamia mwanga wowote waliouona. Kibatari kikiwashwa, wanaume wazima walikula ugali wamejifunika shuka.

Mihayo akachukua kopo la mafuta ya kula, akakata na kukunja siku nzima. Alipata kitaa kidogo, kimezibwa pande tatu, mlango wake mmoja ukitazama mahali pa kulala. Ndani ya kambi palionekana vizuri. Nje, giza tupu. Nyuki hawakuja. Wenzake walimsifu mpaka akavimba kichwa. Lugembe pekee aliomba kitobolewe nyuma, ili anayechelewa apate pa kuelekea. Mihayo alichukia. Alimjibu kuwa mrina asali asiyeijua kambi yake aende akalime mihogo.

Siku ya tisa Lugembe alibaki nyuma kumalizia mzinga wa mwisho. Jioni ikanyesha mvua isiyo ya msimu, ikazima moto wa kambi. Walimwita mpaka sauti zikawakauka, lakini ngurumo ziliwashinda. Mihayo akajipa moyo kwamba kaka yake amejibanza mahali. Kitaa kiliwaka miguuni pake, kikavu chini ya turubai.

Alfajiri walimkuta hatua thelathini tu kutoka hapo, ameketi kwenye maji, hawezi kusimama kwa baridi. Nyayo zake topeni zilikuwa zimeizunguka kambi mara mbili.

“Mliwasha taa?” aliuliza Lugembe.

“Tuliwasha, kaka. Imewaka usiku kucha.”

“Mbona sikuiona?”

Lugembe alifariki wakiwa njiani, wamembeba kwa machela ya miti.

Matanga yalipoisha, Mihayo alikitoboa kitaa kwa msumari kila upande, akilia bila kujificha. Waliporudi mwituni alikitundika juu ya mti. Nyuki wakaja, kama walivyojua watakuja. Nkwabi, jicho limemvimba, akamwomba akifunike.

“Mbona sisi tunaonana?” alisema. “Unamwashia nani?”

“Maganga hajarudi,” alisema Mihayo. “Sisi tuliomo tunaweza kukaa gizani, ndugu yangu. Taa ya kambi ni ya aliye nje.”

Nkwabi akavuta shuka usoni, akasogea pembeni, wakamngoja Maganga.