Kompyuta Mpya ya Nyanjige

Kadogosa, mwenye duka kubwa la kompyuta mjini Shinyanga, alizoea kumuuzia mtu kitu kimoja mara mbili. Nyanjige, mchapaji wa kadi za harusi, alimpelekea kompyuta yake abadilishiwe madabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Ilipowashwa, ikadai leseni ya programu inayoiendesha.

"Ile ya zamani haihamishiki," alisema Kadogosa. "Leseni inakwenda na kompyuta yake, na hii sasa ni kompyuta mpya. Nunua nyingine."

"Mpya kabisa, bosi?"

"Mpya kabisa, dada yangu."

Nyanjige akapiga kigelegele hadi wateja wakageuka. "Jamani, nipongezeni! Bosi kasema nina kompyuta mpya!" Akaonyesha bango ukutani lililoahidi waranti ya mwaka mzima kwa kila kompyuta mpya. "Basi nibadilishie feni hii inayokoroma, na kioo hiki kilichopasuka, na..."

"We mama! Kioo hicho umekipasua mwenyewe zamani!"

"Kwenye kompyuta mpya?"

"Mpya wapi? Ni ile ile yako, nimebadilisha madabodi tu! Si ndiyo, jamani?"

"Ndiyo!" wateja wakaitikia.

"Hata mimi nakubali," alisema Nyanjige, akimsogezea kibodi. "Ni ile ile. Irudishie leseni yake."

Wateja wakaangua kicheko. Kadogosa akaingiza namba za leseni ya zamani huku jasho likimtoka, na kompyuta ikazikubali.

"Kumbe inahamishika!" alisema Nyanjige, akibeba mashine yake. "Bosi, hilo shati ni jipya? Angalia wakwe wasije wakasema wewe ni mume mpya, wakakudai mahari upya."